Shajara ya mradi: kuandika historia ya Dakota Wizards kwa Kiswahili

6 Januari

Leo nimeanza rasmi kazi ambayo nimekuwa nikiizungusha kichwani tangu mwaka jana: kijitabu cha kurasa zisizozidi 40, kwa Kiswahili, kuhusu timu ya mpira wa kikapu ya Dakota Wizards, ambayo kuanzia mwaka 1995 hadi 2012 ilikuwa na makao yake Bismarck, mji mkuu wa jimbo la North Dakota nchini Marekani. Wasomaji ninaowakusudia ni vijana ninaowafundisha jioni hapa Upanga, ambao wanaweza kutaja wachezaji kumi wa Golden State Warriors bila kuvuta pumzi, lakini hawajawahi kusikia kwamba chini ya NBA kuna ligi nyingine zenye timu za kulipwa, zenye miji yao, mashabiki wao na vikombe vyao.

Sababu ya kuichagua timu hii miongoni mwa nyingi ni Hasheem Thabeet. Kila mpenzi wa kikapu nchini anajua kwamba mwaka 2009 kijana huyo wa Dar es Salaam aliteuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya chipukizi wote walioingia NBA mwaka ule, na kila mmoja anajua pia kwamba kabla msimu wake wa kwanza haujaisha "alishushwa". Mazungumzo huishia hapo, kwa kutikisa kichwa. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza alishushwa wapi, na hao aliowakuta huko walikuwa akina nani. Hilo ndilo swali la kijitabu, ambacho kwa sasa nimekipa jina la muda: "Hasheem Aliposhushwa".

9 Januari

Siku nzima imekwenda kwenye majina, na sijutii. Wizards maana yake ni wachawi, na mtu yeyote aliyekulia kwenye soka la Tanzania, mahali ambapo "kamati ya ufundi" haina uhusiano wowote na ufundi, ataelewa kwa nini sikuthubutu kulitafsiri jina hilo kwenye jalada. Nimeliacha kama lilivyo, nikaeleza maana yake kwa sentensi moja katika sura ya kwanza ili vijana wacheke mara moja tu kisha tuendelee.

Jina la mji limenishughulisha zaidi. Makazi yale yaliyo kando ya mto Missouri yalianza mwaka 1872 yakiitwa Edwinton, na mwaka 1873 kampuni ya reli ya Northern Pacific ikayabadilisha jina na kuyaita Bismarck, kwa heshima ya kansela wa Ujerumani, ikitumaini kuwavutia Wajerumani waweke fedha zao katika ujenzi wa reli. Kansela huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na chini ya serikali yake kampuni ya Karl Peters ilipewa hati ya kifalme juu ya ardhi ambayo baadaye ilikuja kuwa Tanganyika. Kwa hiyo Mtanzania wa kwanza kucheza NBA alipelekwa kufanya kazi katika mji uliobeba jina la mtu ambaye sisi tulimjulia kwenye kitabu cha historia cha sekondari. Nimeiweka habari hii katika tanbihi, kisha nikaitoa kwenye tanbihi na kuiweka ndani ya sura, kwa kuwa ni nzuri mno kuachwa chini ya ukurasa.

Kuna neno jingine la kuamua. Wengi wetu tumezoea kusema Hasheem alichaguliwa "kwenye drafti", lakini drafti kwa msomaji wa kawaida wa Dar es Salaam ni ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa kijiweni. Nitaandika "uteuzi wa chipukizi".

14 Januari

Sura ya kwanza imekamilika, maneno 900. Wizards walianza mwaka 1995 pamoja na ligi iliyoitwa International Basketball Association, ambayo ukimataifa wake ulitokana na kuwa na timu upande wa Kanada. Ilikuwa ligi ya nyanda za kaskazini, yenye miji midogo iliyotengana kwa mamia ya kilomita za mashamba ya ngano na theluji, na majina ya timu zake yananifurahisha kila ninapoyasoma: Winnipeg Cyclone, Fargo-Moorhead Beez, Black Hills Posse, na ile ya mji wa Minot iliyoitwa Magic City Snowbears.

Bismarck yenyewe, hata katika sensa ya mwaka 2010, ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 61,000, yaani wachache kuliko wakazi wa baadhi ya kata za Temeke. Hakuna timu ya NBA katika jimbo zima, wala haitarajiwi kuwapo. Majira ya baridi ni marefu na makali, na ukumbi wa ndani uliokuwa ukiitwa Bismarck Civic Center ulikuwa mahali ambapo familia ingeweza kukaa saa mbili penye joto na kumwona mtu anayelipwa kwa kucheza. Nimejizuia nisiipambe picha hii. Timu ya kulipwa katika mji wa namna hiyo huishi kwa tiketi na kwa matangazo ya wafanyabiashara wa pale pale, na ligi ya namna hiyo hupoteza timu na kupata nyingine karibu kila mwaka. Kwamba Wizards walidumu misimu 17 katika mji mmoja ni jambo ambalo kijitabu hakipaswi kulipita haraka.

23 Januari

Nimekwama kwa wiki nzima kwenye CBA, na kukwama kwenyewe kumenifundisha mengi. Continental Basketball Association, ambayo nitaiita CBA kuanzia hapa, ilianzishwa tarehe 23 Aprili 1946 kwa jina la Eastern Pennsylvania Basketball League. Shirikisho lililozaa NBA lilianzishwa tarehe 6 Juni mwaka huo huo. Yaani ligi ndogo ni kubwa kwa umri kuliko ligi kubwa kwa wiki sita, na nimewaahidi vijana kwamba atakayeikumbuka habari hiyo mwezi ujao atapewa soda.

Mwaka 1999 Isiah Thomas, nyota wa zamani wa Detroit Pistons, aliinunua CBA nzima, timu zake zote pamoja, kwa dola milioni 10. Mwaka uliofuata akapata ukocha wa Indiana Pacers, na kwa kuwa kocha wa NBA hawezi kuwa mmiliki wa ligi inayoiuzia NBA wachezaji, ligi ikaachwa bila mwenyewe wa kuisimamia. Wakati huo huo NBA ilikuwa imeamua kuanzisha ligi ndogo ya kwake. Mapema mwaka 2001 CBA ikafunga milango katikati ya msimu, ikafilisika.

Hapa ndipo historia ya Bismarck inapoungana na historia hiyo ndefu. Katika mwaka huo wa 2001 timu kadhaa za ligi ya nyanda za kaskazini, Wizards wakiwamo, zilijiunga na mabaki ya CBA, zikalifufua jina lake na kuanza msimu mpya. Mwanzoni niliandika kwamba Wizards "walipanda" kwenda CBA. Nimelifuta neno hilo. Hawakupanda popote, ila nyumba ya jirani iliungua, na wao wakaingia katika kuta zilizobaki na kuziezeka upya.

1 Februari

Jumamosi tulifanya jaribio uwanjani. CBA ilikuwa na namna yake ya kupanga msimamo, iliyobuniwa wakati wa kamishna Jim Drucker, na nilijua kwamba maelezo ya kwenye karatasi hayatatosha. Kila mchezo ulikuwa na pointi saba za msimamo. Timu iliyoshinda mchezo ilipata tatu, na zile nne zilizobaki ziligawanywa kwa robo: anayeshinda robo anachukua moja, na robo ikiisha sare kila timu inapata nusu. Msimamo wa ligi ulipangwa kwa jumla ya pointi hizo, si kwa idadi ya michezo iliyoshinda timu.

Tukacheza robo nne za dakika nane. Timu ya wadogo ikashinda robo tatu kwa tofauti ya kikapu kimoja kimoja, kisha ikapigwa vibaya katika robo ya mwisho na kupoteza mchezo. Msimamo: wakubwa pointi nne, wadogo tatu. Mabishano yaliyofuata yalichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Wakubwa walidai wameibiwa, wadogo walishangilia kama mabingwa. Nilichotaka wakione walikiona: katika hesabu hiyo hakuna robo ya nne iliyokufa, maana hata timu iliyoachwa kwa pointi 30 bado ina kitu cha kukigombea, na shabiki aliyelipa tiketi yake Bismarck usiku wa baridi hana sababu ya kutoka mapema. Naiona kuwa hesabu ya watu waliojua kwamba wanauza burudani, na sijui kwa nini ligi nyingine hazikuiiga.

Jaribio hili limeongeza maneno 400 katika sura ya pili. Mhariri wangu, dada niliyewahi kucheza naye chuoni, atayakata. Nitapigania nusu yake.

11 Februari

Jedwali la ubingwa limenipa shida kuliko nilivyotarajia, kwa sababu Wizards walitwaa vikombe vinne katika ligi tatu tofauti bila kuhama mji: mwaka 2001 katika ligi ya nyanda za kaskazini, mwaka 2002 katika CBA iliyofufuliwa, mwaka 2004 tena CBA, na mwaka 2007 katika ligi ndogo ya NBA. Ukiliangalia jedwali bila maelezo utadhani ni timu tatu. Ukiongeza safu ya kocha, inakuwa timu moja, kwa kuwa jina ni lile lile mara zote nne: Dave Joerger.

Joerger, mzaliwa wa jimbo jirani la Minnesota, aliingia katika timu akiwa mtu wa ofisini, meneja, kabla hajakabidhiwa benchi mwaka 2000. Msimu wa kwanza, kombe. Msimu wa pili, kombe. Mwaka 2004, kombe tena, kisha akahamia kwa watani wa kusini, Sioux Falls Skyforce wa South Dakota, na mwaka 2005 akatwaa ubingwa wa CBA akiwa na hao watani. Msomaji wangu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi jambo la kocha kuvuka barabara kwenda kwa mtani na kurudi na kombe. Mwaka 2006 alirudi Bismarck, mwaka 2007 akatwaa lile la nne akiwa na Wizards, na kwa hesabu yake binafsi la tano katika misimu saba. Majira ya joto ya mwaka huo huo Memphis Grizzlies wakamchukua awe kocha msaidizi.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Tangu mwanzo nimekuwa nikitumia lugha ya soka letu, kupanda na kushuka daraja, bila kuifikiria, na lugha hiyo inapotosha. Katika soka la Tanzania timu ikishinda ligi ya chini inapanda. Kijiji kizima, mkoa mzima, unapanda nayo. Marekani hakuna mlango huo. Bismarck ilishinda mara nne na haikusogea hata hatua moja, na isingesogea hata ingeshinda mara arobaini. Anayepanda ni mtu mmoja mmoja: mchezaji, kocha, wakati mwingine hata mwamuzi. Ushindi wa timu ni tangazo la kazi kwa watu wake, na kila kombe huongeza uwezekano kwamba waliolileta hawatakuwapo msimu ujao. Nimeirudia sura ya kwanza na ya pili, nikafuta "daraja" kila mahali. Mara 17.

13 Februari

Leo nimeandika mwaka 2007, na imekuwa siku nyepesi kuliko zote. Mwaka 2006 timu tatu za CBA, yaani Dakota Wizards, Sioux Falls Skyforce na Idaho Stampede, ziliiacha ligi yao na kuingia katika ile ya NBA, ambayo ilikuwa imeanza mwaka 2001 ikiwa na timu nane za kusini-mashariki mwa Marekani na sasa ilikuwa ikipanuka kuelekea magharibi. CBA haikupona pigo hilo, na mwaka 2009 ilikoma. Ligi ya NBA wakati huo iliitwa D-League, ligi ya maendeleo, na tangu 2017 inaitwa G League.

Wizards waliingia wageni na kutoka mabingwa. Fainali ilikuwa ya mchezo mmoja tu, dhidi ya Colorado 14ers, ikaenda hadi muda wa nyongeza, na ikaisha 129 kwa 121. Darius Rice wa Wizards alifunga pointi 52. Nimeandika aya tatu juu ya pointi hizo 52 na sitaki ushauri wa mtu yeyote kuhusu kuzipunguza. Kijana aliyefunga pointi 52 katika fainali ya ligi ya kulipwa hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja wa msimu wa NBA, na ukitaka kumweleza mtu ligi ndogo ni nini kwa sentensi moja, ni hiyo.

Katika timu ile ile alikuwamo Renaldo Major, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi msimu huo. Januari 2007 Golden State Warriors walimpa mkataba wa siku kumi. Mkataba wa namna hiyo huruhusiwa kuanzia tarehe 5 Januari kila msimu. Timu inaweza kumpa mchezaji mmoja mikataba miwili tu ya siku kumi, na baada ya hapo imsajili hadi mwisho wa msimu au imwache aende. Major alicheza mchezo mmoja wa NBA, kisha akarudi Bismarck kumalizia ubingwa. Nimeliwekea alama jina la Golden State, kwa kuwa litarudi.

20 Februari

Mhariri amerudisha sura tatu. Maoni yake juu ya rasimu ya sura ya nne, ile ya Hasheem, yalikuwa mstari mmoja: "Kaka, hapa umeandika taarifa ya msiba." Nimeisoma upya na yuko sahihi. Nilikuwa nimeiandika sura ile kabla ya nyingine zote, nikiwa na jina la kijitabu kichwani, na kila sentensi ilikuwa imevaa nyeusi. Nimeitupa yote.

27 Februari

Sura ya nne, mara ya pili. Nimeanza na takwimu mbili zilizo kando kwa kando. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, Hasheem, mwenye urefu wa sentimita 221, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 (mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka) na mipira 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Katika msimu wake wa kwanza Memphis, wastani wa pointi ulikuwa 3.1, ndani ya dakika kama 13 kwa mchezo. Mbele yake katika nafasi ya senta alikuwapo Marc Gasol, na chini ya kikapu alikuwapo pia Zach Randolph. Hizo dakika 13 ndizo kiini cha sura. Huyu ni mtu aliyeushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa, hapa hapa mjini, na ambaye alihitaji kucheza ili ajifunze, lakini Memphis ilihitaji kushinda, na aliyehitaji kucheza akakaa benchi.

Mwishoni mwa Februari 2010, siku chache baada ya kutimiza miaka 23, alipelekwa Dakota Wizards, timu iliyokuwa na ushirika na Memphis, zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa katika ligi ile, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari magazetini. Mwaka 2015 Anthony Bennett, aliyekuwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa 2013, alipelekwa Raptors 905, na rekodi hiyo isiyotamaniwa ikahama. Vijana wangu hawakulijua hilo.

Juzi nilipowasomea rasimu, mmoja akauliza: "Kocha, kwani mtu akishushwa, mshahara nao unashuka?" Swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mwenyewe. Haushuki. Mchezaji wa NBA aliyepelekwa kule anabaki katika orodha ya timu yake na analipwa na timu yake; kwa Hasheem, aliyekuwa wa pili katika uteuzi, hiyo ilikuwa zaidi ya dola milioni 4 kwa msimu ule wa kwanza. Sheria ya wakati huo iliruhusu kumpeleka mchezaji aliye katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, na si zaidi ya mara tatu katika msimu mmoja. Wale aliowakuta Bismarck walikuwa na mkataba na ligi yenyewe, si na timu, na malipo ya juu kabisa katika miaka ile yalikuwa karibu dola 25,500 kwa msimu mzima. Chumba kimoja cha kubadilishia nguo, jezi moja, basi moja, na tofauti hiyo ya mishahara. Nimetafuta neno la Kiswahili linalofaa hali hii na nimelipata serikalini: Hasheem "alipelekwa kikazi", kama mtumishi anayetumwa mkoani kwa muda huku mshahara wake ukitoka makao makuu. "Mkopo" wa soka haufai, kwa sababu katika mkopo timu inayopokea huwa na sauti, na mara nyingi huchangia mshahara.

Kuna jambo jingine nililoliona nilipoweka tarehe za sura ya tatu juu ya tarehe za sura ya nne. Februari ile Hasheem alipokuwa akielekea Bismarck, katika benchi la Memphis alikuwa amekaa Dave Joerger, kocha msaidizi, mtu aliyetwaa vikombe vyote vinne vya Wizards. Barabara ile ile, watu wawili, kila mmoja na upande wake. Mwaka 2013 Joerger akawa kocha mkuu wa Memphis.

Hasheem alirudishwa Memphis mwezi Machi. Mwaka uliofuata, Februari 2011, aliuzwa Houston Rockets katika mpango uliomrudisha Shane Battier Memphis, na kutoka Houston akapelekwa Rio Grande Valley Vipers, kwenye mpaka wa Texas na Mexico. Baadaye alivaa pia jezi za Grand Rapids Drive, na mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alicheza Fort Wayne Mad Ants hadi ligi iliposimama kwa sababu ya korona. Haya yote nimeyaweka katika aya moja. Kijitabu ni cha Wizards.

6 Machi

Sura ya tano. Mwezi Juni 2011 Golden State Warriors waliinunua Dakota Wizards. Hadi wakati huo timu za NBA zilizomiliki moja kwa moja timu katika ligi ndogo zilikuwa chache za kuhesabika, Los Angeles Lakers na San Antonio Spurs zikiwa miongoni mwa za mwanzo. Nyingi zilikuwa na ushirika tu, tena wa kugawana timu moja kati ya mbili au tatu. Wamiliki wapya waliibakiza timu Bismarck kwa msimu mmoja, 2011-12, chini ya kocha Nate Bjorkgren, kisha mwaka 2012 wakaihamishia Santa Cruz, mji wa pwani ya California ulio kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Oakland, walikokuwa wakifanyia mazoezi. Ukumbi wa viti karibu 2,500 ulijengwa kwa miezi michache na kufunguliwa Desemba mwaka huo. Ulikuwa mdogo mara kadhaa kuliko ule wa Bismarck.

Kwa hesabu ya Golden State uamuzi ulikuwa sahihi, na nimeandika hivyo bila kigugumizi. Mchezaji anaweza kufanya mazoezi na timu kubwa asubuhi na kucheza na timu ndogo jioni. Makocha wanatumia michoro ile ile, daktari ni yule yule, na hakuna ndege ya kuvuka nusu ya bara. Santa Cruz Warriors walifika fainali mwaka 2013 na 2014 na kushindwa, kisha mwaka 2015 wakaifunga Fort Wayne na kutwaa kombe, mwaka ule ule ambao Golden State, wakiongozwa na Stephen Curry, walitwaa lile la NBA. James Michael McAdoo na Ognjen Kuzmic walipata ubingwa wa ligi zote mbili katika msimu mmoja. Curry, niwakumbushe wasomaji, alikuwa wa saba katika uteuzi ule wa 2009.

Vitabu vya ligi vinahesabu Santa Cruz kuwa mwendelezo wa Dakota, kwa kuwa leseni ni ile ile. Nimetofautiana navyo. Katika jedwali langu kuna mstari mzito baada ya mwaka 2012, na kombe la 2015 liko chini ya mstari huo. Mhariri ameuliza kama nina haki ya kufanya hivyo. Nimemjibu kwamba leseni ilihama, lakini watu waliokuwa wakikaa kwenye viti vile tangu 1995 hawakuhama, na kijitabu ni chao pia. Ameuacha mstari, ila ameupunguza unene.

15 Machi

Faili limekwenda kwa mpiga chapa wa Kariakoo, nakala 150, rangi kwenye jalada tu. Umeme ulikatika mara mbili wakati tukisahihisha jedwali, na kwa hiyo tumelisahihisha mara tatu. Jaribio la pointi saba limebaki na maneno 220. Pointi 52 za Darius Rice zimebaki na aya zake zote tatu, nazo sasa ndizo zinazofungua kijitabu.

Jina la "Hasheem Aliposhushwa" limeondolewa. Jalada sasa linasema "Dakota Wizards: Timu ya Bismarck, 1995 hadi 2012". Mpiga chapa alishauri picha ya Hasheem iwekwe mbele ili kiuzike, na kibiashara huenda ana haki. Tumeweka jedwali. Hasheem anaingia ukurasa wa 27 na kutoka ukurasa wa 31, kati ya kurasa 38.